Pete ya Meno Mia

Chengula ameegesha Ilula, nyuma ya matenga ya nyanya,
nguzo za umeme kutoka Mafinga zimelala mgongoni mwa trela,
bado zinanuka dawa.
Anasema: ile taa ya njano ya dashibodi nimeibandika plasta.
Ilinikodolea macho tangu Ifunda.

Plasta ya kidonda?
Ya kidonda, anajibu, na anacheka peke yake.

Osmunda keshaingia uvunguni,
tochi mdomoni, udongo mwekundu hadi kwenye nywele.
Ana mwezi wa pili gereji.
Namwambia: tia kidole hapo, kitovuni mwa gurudumu.
Umeisikia pete? Ina meno mia.
Mbele yake kuna kichwa cha chuma, kidogo kama kizibo.
Sisi tunakiita sensa, na kweli ni sensa,
kazi yake kuhesabu watu wa kaya moja,
jino kwa jino, usiku na mchana.

Meno yakipita mbio, gurudumu liko mbioni.
Yakizubaa, linapunguza.
Yakinyamaza ghafla na gari bado linakwenda,
hapo sasa.

Gurudumu lililoganda ni kipande cha sabuni.
Unakata usukani kulia, gari linakwenda linakotaka,
na trela, lenye haraka kuliko kichwa,
linakuja kwa ubavu
kujikunja kama kisu cha mfukoni
na dereva yumo katikati ya makali.

Ndiyo maana pale juu ya chesisi kuna kisanduku
kinachoita mahudhurio kama mwalimu wa zamu:
wa mbele kushoto? Yupo. Wa mbele kulia? Yupo.
Ekseli ya tatu, kushoto?
Kimya.
Basi kinaiambia vali: mwachie.
Pss. Hewa inatoka kwenye chemba,
kamu inalegea, viatu vinabanduka kwenye ngoma
kwa unene wa unywele,
gurudumu linazunguka kidogo, meno yanaitika.
Mshike. Yakinyamaza tena, mwachie. Pss.
Mara kadhaa kabla hujamaliza kusema Yesu,
na mguu wa dereva haujanyanyuka kwenye pedeli.

Wanagenzi wangu huwa nawapa hili walikariri,
nililitunga mwenyewe siku ya mvua, msinicheke:

*Shika lakini achia, gurudumu lipumue,*
*likiganda unalia, njia lisiitambue,*
*hewa itoke kwa nia, kisha irudi itue,*
*giya ndogo tangulia, mlima usikujue.*

Fundi! Osmunda anaita. Imerudi nyuma hii!
Kweli. Bering inacheza, sensa imesukumwa milimita tatu,
grisi na matope vimejaa katikati ya meno.
Tunabadilisha bering. Anasugua kwa brashi, anaisukuma sensa
kwa dole gumba hadi iguse pete,
nami nalizungusha gurudumu kwa mkono, taratibu,
naangalia mita: namba inapanda, inashuka.
Kaya imehesabiwa.

Chengula anabandua plasta. Anawasha.
Taa inawaka njano.
Analisogeza hadi kwenye lami, mwendo wa mtu anayekimbilia basi,
na taa inazimika.

Namfuata dirishani. Sikia, ndugu,
hiki kisanduku hakipunguzi mlima.
Ukiteremka Kitonga kwa breki tupu
hadi ngoma ziwe nyekundu na moshi unuke,
kitaendelea kuhesabu vizuri tu,
meno mia, meno mia, meno mia,
hadi bondeni.
Ingia na giya ya chini ukiwa bado juu.

Anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Wote husema ndiyo.
Kisha anaona kidole cha Osmunda,
waya umemchana, damu inachanganyika na grisi.
Anapekua mfukoni, anatoa plasta mpya,
anaifungua kwa meno.